Shubiri Moja Nyuma ya Pete Nyekundu

Mliniomba jambo dogo. Mlitaka niandike, kabla sijakabidhi funguo, namna ya kuwasha feni kubwa ya handaki la upepo bila kuzima umeme wa nusu ya Zinga, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki ninayejua. Maelekezo hayo nimeyaandika kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani: zimeni kwanza pampu ya maji, hesabuni hadi ishirini, kisha vuteni mkono wa swichi polepole. Lakini nilipoimaliza karatasi ile nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote katika miaka ishirini na tisa ya kazi lilikuwa pia karatasi moja. Haya yanayofuata ni nyongeza yake. Msiyabandike ukutani.

Niliingia kituoni nikiwa na miaka ishirini na sita na shahada ya uhandisi niliyokuwa bado naibeba mkobani, kana kwamba kuna mtu angeniuliza njiani. Nilitarajia kukuta mashine zinazong'aa. Nilikuta banda refu la mabati, na ndani yake handaki la plaiwudi lenye urefu wa hatua kumi na nne, feni iliyotolewa kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa upande wa Ubena, na mwanamume mwembamba mwenye kofia ya viua aliyekuwa amepiga magoti akibandika mirija ya kunywea soda, mmoja juu ya mwingine, kwenye mdomo wa handaki. Maelfu ya mirija.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mhandisi anayehusika."

"Marahaba, binti yangu. Mhandisi anayehusika ni wewe. Tumekungoja tangu mwezi uliopita. Shika gundi."

Huyo alikuwa Fundi Seif. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, wakafungua duka la vitambaa Bagamoyo mjini, na ndugu zake wote waliingia dukani isipokuwa yeye, aliyesema kwamba kuuza kanga ni kazi ya watu wenye subira. Kisha akaenda kubandika mirija ya soda. Alikuwa fundi seremala kwa mafunzo, na alijua upepo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufundishwa naye chuoni. Mirija ile, alinieleza, inaunyoosha upepo. Feni inautoa umejisokota kama kamba. Ukipita kwenye mirija unatoka umenyooka, na hapo tu ndipo unaweza kuuamini.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila kutufahamu: kazi ya kituo ilikuwa moja, na ndiyo hiyo hadi leo. Tunahakikisha kwamba chombo kinachoangushwa kutoka angani bila mwavuli kinafika chini kikiwa kimetanguliza pua. Masika yakikaza, mito hukata barabara, na zahanati za ndani, huko nyuma ya Miono, hubaki kama visiwa. Mwavuli huchukuliwa na upepo. Dawa iliyopelekwa zahanati huishia mtoni. Kwa hiyo sisi tunaangusha kopo lisilo na mwavuli, yaani bomba la plastiki lenye urefu wa mkono, mapezi matatu ya bati mkiani na pua ya sponji nzito ya godoro. Likishuka limenyooka, sponji hubonyea na vichupa vya kioo ndani yake hubaki vizima. Likibiringika likaangukia ubavu, hakuna sponji ubavuni.

Jirani mmoja alitushitaki kwa mtendaji wa kata kwamba tunaunda makombora. Mtendaji akaja na mgambo wawili. Fundi Seif aliwapa kahawa, akatia mayai sita kwenye kopo, akapanda juu ya mnara wetu wa maji na kuliachia. Mayai manne yalipona. Mgambo waliondoka na hayo manne, na kesi ikaisha.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na ningependa mvijue, maana baadhi mmevirithi bila kujua vilitoka wapi. Vielelezo vya makopo, nusu ya ukubwa wake halisi, Fundi alivichonga kwa mninga. Tulivitia uzito kwa risasi za nyavu zilizonunuliwa kwa wavuvi. Kila kielelezo tulikitoboa na kukipitisha ekseli ndogo ya baiskeli, ili kiweze kugeuka kwa hiari yake ndani ya handaki, pua juu, pua chini. Tuliwasha feni, tukakisukuma kwa ufito. Kikirudi chenyewe kuutazama upepo, ni kizima. Kikiupa upepo kisogo, tulizima feni na kuanza upya. Na ili tuuone upepo wenyewe, Fundi aliweka chetezo mbele ya mirija na kuchoma ubani. Moshi ulipita juu ya kielelezo kwa mistari myembamba, ukajikunja nyuma ya mapezi. Wageni walidhani tunatambika. Nguo zangu zilinukia harusi miaka yote ile, na sikuolewa. Hilo Fundi alilitaja kila Idi, bila kukosa.

Lakini kifaa kikuu kilikuwa kisu. Fundi alikitia kwenye gogo dogo la mninga, makali yakiwa juu, na juu ya makali hayo alikilaza kila kielelezo kabla ya kukiingiza handakini. Alikisogeza kwa ncha ya kidole hadi kikatulia bila kuinama upande wowote, akachora mstari wa penseli mahali kisu kilipogusa. Kwenye mwili wa kila kopo tulipaka pete nyekundu kuonyesha mpaka wa usalama. Mstari ukiwa mbele ya pete, upande wa pua, kopo litanyooka. Ukiwa nyuma ya pete, upande wa mkia, litabiringika, na hakuna pezi litakalolisaidia. Mimi niliweza kuthibitisha hayo kwa kurasa sita za hesabu. Yeye alithibitisha kwa kisu, na hakuruhusu chochote kitoke kwenye meza yake bila mstari ule.

"Hesabu zako nzuri, Injinia," aliniambia mara moja, "lakini hesabu unazilaza wapi?"

Kwa miaka mingi tulifanya kazi hiyo na ndege ndogo zilizokodiwa. Nakumbuka masika ya mwaka mmoja ambapo makopo yalizunguka kama pia kila tulipoyaangusha, na kwa wiki tatu nilitafuta kosa kwenye hesabu, hadi Fundi alipogundua kwamba mkunja bati wetu mpya alikuwa wa mkono wa kushoto na kila pezi alilipinda kidogo kuelekea kwake. Nakumbuka pia kopo lililofika salama, likaliwa sponji na mbuzi kabla nesi hajalifikia. Hizo ndizo zilizokuwa kesi ngumu, na tulizicheka.

Kisha zikaja ndege zisizo na rubani, na kila kitu kikawa chepesi. Hatukuhitaji tena kungoja ndege ya kukodi. Kituoni petu palifunguliwa chumba cha kufungashia, na akaletwa muuguzi wa kukisimamia, Mwanaidi, mzaliwa wa hapa hapa Zinga, wakati huo akiwa na miaka thelathini hivi. Alikuwa na sauti ya juu na mikono ya haraka. Simu ya zahanati ikilia, ndani ya robo saa kopo liko tayari. Aliniita Dada Rukia tangu siku ya kwanza, na Fundi Seif akawa kwake Babu ingawa Fundi alilalamika.

"Babu ni wa mtaani kwenu. Mimi bado naoa."

"Utamwoa nani, Babu, na hicho kisu unalala nacho?"

Mpango ulikuwa kwamba hatimaye kila kituo cha afya kijifungie makopo yake chenyewe. Yalihitajika maelekezo. Niliandika kurasa nane. Mkuu wa kituo wa wakati huo, mtu mpole aliyependa mambo yaishe, alizipima kurasa zangu mkononi kama mtu anayepima samaki, akasema hakuna muuguzi atakayesoma kurasa nane wakati mgonjwa anakata roho. Alitaka moja. Alisema kweli.

Nikakata. Nilipofika kwenye ukurasa wa kisu na pete nyekundu, nilijiuliza ni zahanati gani itakuwa na kisu kwenye gogo. Mizani ya kupimia watoto wachanga, kila zahanati inayo. Na kwa hesabu zangu kisu hakikuhitajika: kishikizo cha sponji kiliishika dawa mbele kabisa, na nyuma yake, kuelekea mkiani, niliacha nafasi wazi ya shubiri moja. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa usalama wenyewe. Uzito wote mbele, nyuma hewa. Basi nikafuta kisu, nikaandika sentensi moja: uzito wa kopo na vilivyomo usizidi kilo mbili.

Fundi aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni. Akachukua kopo lililokuwa mezani, akaingiza mkono kwa mkiani hadi kwenye kiwiko.

"Na hapa nyuma panabaki wazi?"

"Panabaki wazi, Fundi. Ndivyo inavyotakiwa."

"Umezaliwa wapi wewe?"

"Unajua nimezaliwa wapi. Magomeni, hapo Bagamoyo."

"Basi nani amekuambia mtu wa Bagamoyo atapeleka chombo chenye nafasi?"

Nilicheka. Naye alicheka. "Hili si sinia la posa, Fundi," nilimwambia. "Ni dawa."

"Nichonge kizibo," alisema. "Kibao chepesi cha kuziba hiyo shubiri. Siku mbili tu."

Nilimjibu kwamba kibao kina uzito, na kwamba karatasi ilikuwa inasubiriwa. Aliliweka kopo chini taratibu, akarudi kwenye ubani wake.

Mnajua sote tunavyoishi. Jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake hulirudishi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu mbili au chumvi. Ukipeleka chombo kwa watu, na hasa kwa mzazi aliyejifungua, ukakipeleka nusu, umejidhalilisha wewe na mama yako aliyekulea. Hayo sikufundishwa chuoni na sikuhitaji kufundishwa. Nimekulia ndani yake. Na bado nilikaa mezani, mimi mtoto wa Pwani, nikabuni chombo ambacho usalama wake wote ulitegemea mtu wa Pwani akipeleke kikiwa na nafasi, na sikuiandika popote sababu ya nafasi hiyo.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne, masika yaliyofuata. Zahanati moja ya ndani, huko nyuma ya Miono, ilipiga simu: mama amejifungua salama, mtoto wa kike mzima, lakini damu haikatiki na dawa ya sindano ya kuikata imewaishia. Barabara ilikuwa chini ya maji. Mwanaidi alifungasha vichupa kwenye kishikizo, akapima. Ilibaki karibu kilo moja kabla ya kufikia mbili. Kabatini mwake kulikuwa na doti ya kanga aliyomnunulia shangazi yake, na pakiti ya tende. Aliona nafasi. Alikunja kanga, akazifunga tende ndani yake, akazisukuma mkiani, akapima tena. Kilo moja na gramu mia tisa. Akafunga kifuniko na kuandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki: Hongera mama.

Hakuvunja agizo hata moja la karatasi yangu.

Mhudumu wa zahanati alituambia baadaye kwamba waliliona likitoka kwenye ndege, likashuka kidogo limenyooka, kisha likaanza kupinduka kama kijiti alichorushiwa mbwa. Liliangukia ubavu kwenye kiwanja kigumu cha shule. Vichupa vyote vilivunjika. Tulirusha kopo la pili, dawa peke yake. Lilifika vizuri, pua chini, katikati kabisa ya duara la chokaa walilolichora kiwanjani. Mama yule alikuwa amekwisha kufariki. Kanga haikuchafuka. Walimfunga nayo mtoto.

Siku nne baadaye mkuu wa kituo aliniletea ripoti ya ukurasa mmoja. Ilisema muuguzi aliongeza vitu visivyoidhinishwa, na hivyo kuharibu ulinganifu wa chombo. Chini yake palikuwa na nafasi ya saini ya mhandisi.

"Karatasi haikumkataza," nilisema.

"Haikumruhusu pia." Hakuwa mkali, alinitazama kwa huruma. "Rukia, ukisema ni karatasi, wanatufungia. Na mvua nyingine inakuja. Ni akina mama wangapi huko ndani?"

Hoja ile haikuwa ya uongo, na ndiyo maana ilinifaa. Nilijiambia nasaini kwa ajili ya akina mama. Nimekuwa na miaka tisa ya kulichunguza neno hilo, na leo naweza kuwaambia kwamba nilisaini kwa ajili yangu. Niliona aibu. Mimi mwenye shahada, niliyekosea jambo ambalo mke wa muuza samaki angenisahihisha.

Kesho yake nilikuta feni inaunguruma. Fundi Seif alikuwa ameweka kielelezo handakini, na mkiani mwake alikuwa amesokotea kipande cha kanga na risasi mbili mahali pa tende. Ubani ulikuwa unafuka. Hakunisalimu.

"Tazama," alisema, na akakisukuma kwa ufito. Kielelezo kiliinua pua, kikasita kidogo, kisha kikageuka chote na kuupa upepo kisogo. Moshi ulivunjika vipande vipande.

"Umeona?"

"Nimeona, Fundi."

"Basi andika."

"Nimekwisha saini ile nyingine."

Alizima feni. Feni yetu huchukua muda kusimama, mnajua. Inalia ikipungua, ikipungua. Alingoja hadi iliponyamaza kabisa.

"Yule mtoto alisimama hapo mlangoni jana," alisema, akimaanisha Mwanaidi. "Kaniuliza, Babu, ni tende zangu? Nilimwambia amuulize Injinia."

Mwanaidi hakuniuliza kamwe. Waliiondoa leseni yake ya uuguzi kwa muda, kisha muda ukapita na hakuiomba tena. Alifungua duka dogo la vyakula hapo barabarani Zinga, mnalipita kila siku. Fundi alistaafu mwisho wa mwaka huo. Siku ya mwisho aliweka kisu na gogo lake juu ya meza yangu, akasema, "Hiki sasa chako," akaenda zake. Alifariki baada ya miaka miwili. Nilihudhuria maziko, nikasimama nyuma.

Barabara ilipofunguka, lori la mazao lilituletea lile kopo la kwanza. Familia ya marehemu walikuwa wameliosha. Bomba lilikuwa na ufa, pezi moja limekunjika, na maandishi ya Hongera mama yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka. Lilijaa ufuta hadi mdomoni, umepepetwa safi. Dereva alinipa na salamu: Rajabu, mume wa marehemu, anashukuru kwa kukumbukwa.

Nililiweka kabatini. Sikula ufuta ule wala sikuugawa. Uliharibika polepole, na harufu yake ya mafuta yaliyochacha ilichanganyika na ubani. Sasa ilikuwa zamu yangu kulirudisha, na kila masika nilifungua kabati nikajiuliza nitie nini ndani yake.

Mtasema nilirekebisha kosa. Nilirekebisha. Mwezi uleule wa ajali niliongeza kizibo cha kibao, shubiri moja kamili, na nikarudisha kisu kwenye maelekezo. Ndiyo maana kila zahanati leo ina gogo lake. Kwenye fomu niliandika kwamba ni uboreshaji. Tangu hapo hakuna kopo letu lililobiringika, na nimepongezwa kwa hilo mbele za watu. Nilisahihisha chombo. Jina la mtu nililiacha kama lilivyo.

Na kwa miaka tisa nilinunua sukari kwenye duka lake, kwa sababu kulikwepa kungekuwa kukiri.

"Shikamoo, Dada Rukia. Kazi zinaendaje?"

"Marahaba, mdogo wangu. Zinakwenda."

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Wiki ya mwisho nilirudia jaribio la Fundi, nikalipiga picha, nikaandika ripoti ya kurasa tatu yenye sentensi hii: chanzo cha ajali ni upungufu wa maelekezo yaliyoandikwa na mimi. Nikapeleka nakala ofisi inayohusika na leseni. Wamejibu kwamba barua imepokelewa. Nakala nyingine niliikunja, nikaosha kopo, nikaitia ndani pamoja na doti mpya ya kanga, nikaenda dukani kwa Mwanaidi alasiri moja wakati wateja ni wachache.

Alilitambua kopo kabla hajanitambua mimi. Alisoma maandishi yake mwenyewe yaliyofifia. Kisha akatoa ile nakala ya ripoti, akaisoma amesimama, kurasa zote tatu, akirudia rudia ya pili. Mteja mmoja aliomba kiberiti. Alimpa bila kumtazama.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Aliikunja ripoti kwa mikunjo yake ya awali. "Na kwa nini leo, dada?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, mazuri. "Kwa sababu nimestaafu," nilisema. "Hawana tena cha kuninyang'anya."

"Kwangu mimi walikuwa nacho."

Alipangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Miono umekwenda?"

"Bado."

"Mimi nakwenda kila mwaka," alisema. "Mwezi uleule aliofariki yule mama. Nampelekea mtoto kanga. Ana miaka tisa, ananiita mama mdogo. Nilipiga magoti mbele ya baba yake mwaka wa kwanza nikamwambia ni mimi, ni tende zangu. Akanisamehe. Umesikia, Dada Rukia? Nimesamehewa mimi." Sauti yake, ile ya juu ya zamani, ilipanda kisha ikakatika. "Nenda wewe sasa ukawaambie. Mimi nimechoka kuwaambia."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Rajabu ni mkulima wa ufuta, mtu wa maneno machache, mvi zimemwahi. Mtoto alikuwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Alinikaribisha mkekani, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza pete nyekundu na shubiri ya nafasi, nikimchorea kwa kijiti mchangani, kwa kuwa ndiyo njia pekee ninayoijua ya kusema jambo. Alipouona mchoro aliuelewa upesi. Amebeba magunia maisha yake yote.

Aliutazama tena mchoro.

"Sasa yule dada wa watu," aliuliza, "tulimsamehe kosa gani?"

Alinisindikiza hadi barabarani kama inavyompasa mwenyeji. Hakunipa salamu za kupeleka.

Baada ya siku tano nilikuta kopo limewekwa kwenye kizingiti cha mlango wangu. Jirani alisema Mwanaidi alilileta mwenyewe, hakukubali kuingia, hakutaka hata maji. Lilikuwa limeoshwa na kukaushwa. Maandishi ya Hongera mama yalikuwa yamesuguliwa hadi yakatoka yote. Nilifungua kifuniko. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, kama Fundi alivyofanya siku ile, nikapapasa hadi kwenye sponji.

Nimelileta kituoni. Nilililaza juu ya kisu kabla ya kuondoka, nikalisogeza kwa kidole mpaka likatulia, mbele ya pete kabisa, nikachora mstari wa penseli. Liko rafu ya tatu, kando ya gogo. Lilirudi tupu. Liacheni hivyo hivyo, msitie kitu.